Kamba Imekata Ukuta

Mmekuja hapa kwangu Masimba mara tatu sasa, nyinyi wa kikundi cha mabwawa, na mara zote swali ni lile lile: magokoro, yaani bibi, tuweke kamba bwawani au tusiweke? Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili niliwamiminia chai nikawauliza habari za wazazi wenu. Mara ya tatu yule msichana wenu wa miwani akamnong'oneza mwenzake, akidhani masikio yangu yamechoka kama magoti yangu, "Bibi hajui huyu. Tuangalie kwa simu." Haya. Simu haijamzika mtu. Mimi nimemzika. Kaeni chini.

Kwanza tuelewane maneno, maana hadithi yote imelala hapo. Nikisema kamba, leo sisemi ile ya kufungia ng'ombe. Nasema yule mnyama wa majini, mwekundu wa kuiva, mrefu kama kiganja, mwenye gamba mgongoni na magando mawili mbele ya kubania. Wengi wenu mmemwona kwenye picha tu. Mimi nimekaa naye, na magando yake nayajua kuliko ninavyoyajua meno yangu, ambayo hata hivyo hayajabaki mengi.

Nilianza kazi kwenye shamba la samaki nikiwa msichana wa kufyeka nyasi kando ya mabwawa. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Ombati, mtu wa Magwagwa, mfupi, mkavu, asiyevaa kiatu kazini. Kila asubuhi alitembea juu ya kuta zote za mabwawa, polepole, akitua kisigino kwanza halafu vidole. Mimi nilidhani ni umaskini. Nilikuwa na gambuti mpya za baba yangu, zimenizidi, basi siku moja nikamwambia kwa huruma, "Tata, nikuazime hizi?"

Akaniangalia tangu kichwani hadi kwenye gambuti. "Zivue," akasema. "Sasa tembea hapa. Unasikia nini?"

"Baridi."

"Endelea."

Nikaendelea, na karibu na kona mguu wangu ukasikia udongo umelegea kidogo, kiasi cha kuku kukanyaga. Akachimba pale pale kwa jembe. Tukakuta njia ya maji nyembamba kama kidole, imeshafika katikati ya ukuta. Akaiziba kwa udongo wa mfinyanzi, akaushindilia, akanawa mikono. "Ukuta unakaguliwa kwa nyayo," akaniambia. "Macho yanaona nyasi tu." Kuanzia siku hiyo nikawa natembea peku, na baba akarudishiwa gambuti zake.

Sasa nawaona nyinyi mnachimba bwawa siku mbili, mnatandika karatasi ya nailoni, mnapiga picha. Sikatai, nailoni ni nzuri. Lakini sisi tulijenga kwa udongo mtupu, na udongo hausamehe. Nikiwa mwaka wa pili nilifukia kisiki ndani ya ukuta kwa sababu nilichoka kuking'oa. Hakuna aliyeniona. Ombati akapita juu yake kwa nyayo zake, akasimama. Hakunigombeza. Alinipa jembe akaketi, akanitazama nikibomoa hatua nne za ukuta nilioujenga mwenyewe hadi kisiki kikatoka. "Kisiki kitaoza," akasema, "kitaacha shimo. Maji hayana haraka, Bosibori. Yanangoja." Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikampenda kuliko wajomba zangu, na ndiyo maana nilimwita Tata, baba, hata baada ya yeye kustaafu na mimi kushika nafasi yake.

Kamba walikuja yeye akiwa ameshaondoka. Waliletwa kutoka upande wa Naivasha, kwenye gunia la majani mabichi, tuwajaribu. Mkubwa wetu akawatia ndani ya tangi la saruji nyuma ya ofisi, akasema neno moja: hawa wasitoke hapa. Kwa nini wasitoke hakueleza, na sisi hatukuuliza. Hata jina lao hatukulijua. Aliyetupa jina ni karani wetu, Bwana Athman, mtu wa Lamu aliyehamishiwa huku akawa analia baridi kila Julai. Alichungulia tangini akacheka. "Hawa ni kamba," akasema. "Si wa kwetu hasa, lakini ndugu yao."

"Kamba ni ya kufunga ng'ombe," nikamwambia.

"Hiyo ni kamba *hii*. Huyu ni kamba *huyu*. Kamba imekatika, ni ya ng'ombe. Kamba amekata, ni huyu hapa. Ngeli, Mama Bosibori. Ngeli ndiyo inayotenganisha."

"Karani, huku kwetu tunasema ng'ombe imekula mahindi, na mwenye mahindi anaelewa, anakuja na rungu."

Alikunja uso kama aliyeonja ndimu. Ulikuwa mchezo wetu. Yeye alisahihisha kila mtu, hata mgeni wa ofisini, na mimi nilikosea makusudi nimwone akiumia. Nilicheka sana ngeli zake. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Saa ya chakula nilikaa ukingoni mwa tangi na ugali wangu nikiwatazama. Watu hudhani gando ni la kupigana. Kupigana ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni ya jikoni: kamba hukamata jani au konokono kwa gando, hubana, huchana, halafu hupitisha vipande kwa miguu myembamba iliyo nyuma ya magando, nayo ina vibano vyake vidogo, ndiyo inayolisha kinywa. Wakikutana wawili njiani, kila mmoja huyainua magando juu na kuyatanua. Wanapimana. Mwenye madogo hurudi kinyumenyume, na mara nyingi jambo linaishia hapo bila jeraha. Dume humshika jike kwa magando hayo hayo. Mtoto naye, aliye mdogo kuliko punje ya mchele, tayari ana vigando, na kazi yake ya kwanza duniani ni kung'ang'ania tumbo la mama yake. Gando likikatika vitani linaota jingine, dogo, na kila akijivua gamba linaongezeka. Alipojivua gamba, mwili wote ukiwa laini, nilimwona akijificha pembeni siku kadhaa, magando hayafai kitu, akiogopa hata wadogo zake. Nilimwonea huruma.

Kama atakubana kidole, usivute. Ukivuta atakaza. Mrudishe majini na mkono wako, tulia, ataachia mwenyewe. Na ukitaka kumshika, mshike mgongoni, nyuma ya magando, hawezi kukufikia. Hayo yote nilijifunza pale tangini. Kazi moja tu ya gando sikuiona, kwa sababu tangi lilikuwa la saruji.

Ombati alikuwa amechimba bwawa lake kule Magwagwa, kwenye mteremko juu ya kijito, mimi nikimsaidia siku za mapumziko. Ukuta wa chini ulinizidi kimo. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko zote nilizowahi kuzishindilia. Juu ya maji tulitandaza kamba, hii ya kufungia ng'ombe, kutoka nguzo ya ukutani hadi mti wa ng'ambo, tukaning'iniza vitambaa vya kufukuzia ndege walao samaki. Mkewe, Mama Kerubo, alikuwa akilisha samaki kwa pumba na majani ya nduma. Tatizo likawa konokono. Walijaa kandokando hadi ukikanyaga unasikia wanavunjika, na Ombati, ambaye alishinda majini, akapata kichocho, akawa anakojoa damu. Alipewa dawa akapona, lakini Mama Kerubo akaniambia, "Bosibori, wewe ni mtu wa samaki. Nitolee hii konokono kabla haijanimalizia mzee."

Nami nilikuwa nimeona jinsi kamba anavyomla konokono. Basi nikachukua kumi na wawili, nikawatia kwenye ndoo, nikawafunika kwa sukuma wiki, nikapanda gari nimeipakata ndoo kama keki ya harusi. Sikumwambia mkubwa. Sikumwambia karani. Ombati nilimwambia nimeruhusiwa.

Alimshika mmoja vibaya, akabanwa kidole gumba, akacheka hadi akaketi. "Huyu mtu wako ana mkono," akasema. "Anaitwa nani?"

"Kamba."

"Kamba? Kwa Kigusii je?"

"Kwa Kigusii hana jina. Ni kamba tu."

Mama Kerubo akarudia, akijifunza: "Kamba imemuma mzee." Nikacheka na wao. Mimi ndiye niliyemfundisha neno lile, na sikumfundisha lote.

Kwa mwaka mmoja nilikuwa shujaa Magwagwa. Konokono waliisha. Majani ya majini yakapungua. Mama Kerubo alinipa ndizi kila nilipokwenda, mkungu mzima, nikawa nasema moyoni kwamba wakubwa wa ofisini wanapenda kukataza tu.

Kisha siku moja ya mvua za mwisho wa mwaka nilikwenda, tukatembea ukutani wawili, peku, kama zamani. Upande wa nje, chini kidogo ya usawa wa maji, nikaona kitu kimesimama kwenye nyasi. Kimnara cha tope, urefu wa kikombe. Vidonge vya tope vimepangwa kwa duara, kimoja juu ya kingine, kama kazi ya mfinyanzi aliyeitwa kabla hajamaliza chungu. Katikati kuna shimo. Nikachuchumaa nikatia mkono. Uliingia hadi kiwiko na sikufika mwisho.

Ndipo nilipoijua ile kazi nyingine. Kamba huchimba. Usiku kucha hubeba tope kwa magando na miguu ya mbele, kidonge kwa kidonge, akilitoa nje na kulipanga mlangoni pake, ili apate pa kujificha akiwa laini, na pa kulelea watoto. Kwake ni nyumba. Kwa ukuta ni kisiki kilichooza.

Ningesema pale pale. Jembe lilikuwa karibu. Lakini kusema kungekuwa kusema pia kwamba sikuruhusiwa, kwamba nilimdanganya mtu aliyenibomolesha ukuta wangu mwenyewe kwa ajili ya uongo mmoja. Nikakipiga teke kile kimnara. "Fuko hawa," nikasema.

Ombati alilitazama lile tope lililotawanyika. Akanitazama mimi. "Fuko hafinyangi, Bosibori," akasema kwa upole. Akangoja. Mimi nikaanza habari ya bei ya chai kule Nyacheki. Aibu ile ninayo hadi leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Miezi miwili baadaye, simu yangu ilikuwa imezama kwenye bwawa namba nne, ikawa mali ya samaki. Jumatano, Mama Kerubo akapiga simu ya ofisini. Aliyepokea ni Bwana Athman. Yeye Kigusii hajui, Mama Kerubo Kiswahili anakitoa kwa shida, na mtandao wa Magwagwa siku za mvua mnaujua. Lau angenipata mimi tungesema Kigusii, na kamba ya ng'ombe kwa Kigusii ina jina lake, haiwezi kufanana na mdudu yeyote. Ombati ndiye aliyemtuma. Alikuwa amesikia kwa nyayo. Alitaka nije nimsaidie kupunguza maji na kuziba, kazi ya watu wawili wanaojua. Mama Kerubo akasema alivyotumwa: "Ambia Bosibori kamba imekata ukuta. Akuje."

Karani wetu akalisikia kosa kabla ya kulisikia neno. Angekuwa mnyama, angesema amekata, ndivyo alivyofikiri. Amesema imekata, basi ni ya kufungia. Na kamba ya kufungia haikati ukuta, hukatika. Akachukua kalamu, akamsahihishia mama wa watu. Karatasi aliyoniachia mezani ilisomeka: *Kamba imekatika ukutani kwa Mzee Ombati. Unaombwa ufike.*

Mwandiko mzuri, sarufi safi. Nikaisoma nikafikiria ile kamba ya kufukuzia ndege. Nikacheka hata. Nikasema, mzee amezeeka, kamba ya ndege nayo ni ya kupigia ofisi simu? Nitakwenda Jumamosi.

Ijumaa asubuhi nilipita mjini, kwenye duka la vifaa la Bharat, ambaye baba yake na babu yake waliuza misumari pale pale. "Bwakire buya, mama," akanisalimu kama kawaida yake. "Kamba? Ya ng'ombe?"

"Ya kufukuzia ndege bwawani."

"Ndege gani wewe?" Akaivuta nyingine kutoka juu ya rafu, nene, nyeupe, inanukia duka. "Beba hii. Hii wanaume wanne wakivuta, haikatiki."

Nikaibeba. Siku ile ile, kwenye saa tisa, mvua ikanyesha nchi nzima ya kwetu, ile ya mawe. Mimi nilikuwa ofisini nikiyasikia yakigonga mabati.

Jumamosi nilishuka Magwagwa na kamba begani, nikakata njia ya migomba. Nililiona bwawa kabla sijaona watu. Halikuwa bwawa tena. Ukuta wa chini ulikuwa umefunguka katikati, upana wa lango la ng'ombe, na tope jekundu limeteremka hadi kijitoni. Juu ya tope lile kulikuwa na kamba mmoja, mkubwa. Nilipomkaribia akainua magando yake mawili, akayatanua, akanipima. Sikumgusa.

Kisha nikasikia wanawake nyumbani.

Ombati alikuwa amengoja Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mvua ilipoanza hakuweza kungoja tena. Alishuka upande wa nje wa ukuta na jembe na magogo ya migomba, kuziba peke yake kazi ya watu wawili. Nyinyi vijana, ukuta unaovuja usiusimamie chini kamwe. Punguza maji kwanza, kutoka juu. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Alijua. Lakini chini ya ukuta kulikuwa na njia ya watoto wanaotoka shule, na ilikuwa karibu saa yao ya kupita. Ukuta ukamwangukia.

Mama Kerubo alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, ameshikwa huku na huku. Aliponiona hakulia. Aliniuliza tu, "Bosibori, neno langu halikufika?"

Nikasema, "Lilifika, mama."

Akaitazama ile kamba mpya begani mwangu. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akainamisha kichwa. Sijui alielewa nini. Sijawahi kumuuliza, na alikufa bila kuniambia.

Jumatatu nilimwekea karani ile karatasi mezani nikamweleza. Aliisoma yake mwenyewe, kidole kikifuata maneno. "Mimi nimeongeza," akasema. "Alisema imekata. Mimi nikaandika imekatika." Nikamwambia kosa si lake, na nilisema kweli. Lakini tangu siku hiyo hakumsahihisha mtu tena pale ofisini, na mimi ndiye niliyeanza kusema ngeli. Wajukuu wangu wananicheka, eti magokoro anajifanya Mswahili. Wacha wacheke. Na kwa mkubwa wetu nilikwenda siku hiyo hiyo, nikasema yote, ndoo na sukuma wiki na yule fuko. Nilikuwa nimechelewa kwa miezi miwili.

Basi jibu lenu ni hili: msiweke. Na kama tayari mmoja wenu ameshawaweka kisiri, maana nawaona wawili hapo wanatazama sakafu, leo hii vueni viatu mkatembee ukutani. Mkiona kimnara cha tope, semeni siku hiyo hiyo, na mseme kwa lugha ya mama zenu.

Tulimzika Alhamisi. Ile kamba nilikuwa nimeitundika kwenye uzio wa zizi nikaisahau, au nilitaka kuisahau. Jeneza lilipofika kaburini, mjomba wa marehemu akaanza kuuliza kamba iko wapi, zilizokuwepo zimeoza. Kijana mmoja akakimbia zizini akarudi nayo, nyeupe, haijaguswa, bado inanukia duka. Wakaikata vipande viwili. Wanaume wanne wakashika, wawili huku na wawili kule, wakamteremsha Tata wangu polepole, wakiachia kidogo kidogo, na mimi nimesimama pale peku kwenye udongo uliolegea, nikiitazama.

Haikukatika.